Kuchora Asagao kwenye Upepeo wa Kijapani

Kila mwaka, tarehe 6 hadi 8 Julai, mtaa wa Iriya jijini Tokyo hujaa vyungu vya asagao, mmea utambaao ambao ua lake, lenye umbo la tarumbeta, huchanua alfajiri na kunyauka siku hiyohiyo. Ua hilo huchorwa pia kwenye uchiwa, upepeo wa karatasi iliyobandikwa juu ya njiti za mwanzi, ambao Wajapani huenda nao kwenye sherehe za kiangazi. Hapa tutalichora kwa tarashikomi, yaani kudondoshea rangi juu ya rangi ambayo haijakauka, mbinu iliyotumiwa na mchoraji Tawaraya Sōtatsu katika karne ya 17 na kurithiwa na wachoraji wa Rinpa, mkondo wa sanaa ya Kijapani.

Washi, karatasi ya jadi ya Kijapani, hunywa maji upesi mno, kwa hiyo ipake kwanza dosa, yaani mchanganyiko mwepesi wa gundi ya wanyama na shabu, kisha uiache ikauke kabisa. Rangi za maji za kawaida zinatosha.

Laza karatasi mezani. Paka ua kwa buluu nyepesi, ukiacha weupe katikati pamoja na mistari mitano myembamba inayosambaa mfano wa nyota. Jani, ambalo lina ncha tatu, lipake kijani chenye maji mengi. Kisha, lingali linang'aa, dondoshea tone moja la kijani kizito karibu na kikonyo na uondoe mkono. Hapa ndipo wengi huharibu. Maji yakiwa bado yametuama, tone hupotea. Mng'ao ukishatoweka, huacha doa lenye ukingo mkavu. Na ukijaribu kulisawazisha kwa brashi, unafuta kile ambacho maji yangelifanya yenyewe kwa uzuri zaidi.

Maua matatu yanatosha, yote upande mmoja, na zaidi ya nusu ya karatasi ibaki tupu. Suzuki Kiitsu, katika karne ya 19, alichora asagao kwenye jozi ya viwambo vya dhahabu bila uzio wala udongo, na mimea hiyo haionekani kukosa kitu. Kikonyo kimalizie kwa mstari mmoja usiorudiwa.

Rangi ikikauka, paka njiti gundi ya wanga, bandika karatasi, na uisugue taratibu hadi njiti zionekane kwa juu. Unapokata ukingo, usiogope mkasi kupita katikati ya ua moja: mmea utaonekana unaendelea kutambaa nje ya upepeo.