Jiko la pampu linavuja: anza na povu, spana baadaye

Jiko la zamani la mafuta ya taa likianza kuvuja, mkono wa mtu hukimbilia spana. Uzuie kwanza. Nati za majiko haya ni shaba laini, na nyingi ninazoletewa zimekatika hesi kwa sababu mwenye jiko aliendelea kukaza palipokuwa na washa, yaani kipete cha kuzibia kiungo, iliyokwisha kufa. Kukaza hakufufui raba.

Majiko ya shaba ya kupampu, yawe Primus, Optimus au Radius za Sweden, au Hipólito ya Ureno, yote yanafuata wazo la Frans Lindqvist, Msweden aliyebuni Primus, la mwaka 1892. Hewa ya pampu inayakandamiza mafuta ndani ya tangi, mafuta yanapanda bomba la kati hadi kwenye kichwa cha jiko, na kichwa kikishapata moto yanageuka mvuke unaochomoka kwenye tundu la nozeli. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kinachotoroka ni hewa, mafuta mabichi, au mvuke? Jibu lake linakupeleka kwenye kiungo chenyewe.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli linavuja

Jiko likitema mafuta juu na kutoa mwali mrefu wa njano wenye masizi, mara nyingi halina kasoro yoyote. Kichwa hakijapata moto wa kutosha, ndiyo maana mafuta yanatoka yakiwa bado maji. Fungua skrubu ya kutolea pumzi, acha kila kitu kipoe, jaza spiriti kwenye kikombe chake chini ya kichwa, iwashe, na usifunge skrubu wala kupampu mpaka spiriti ikaribie kuisha. Angalia pia kiwango cha mafuta: robo tatu ya tangi inatosha. Tangi lililojazwa hadi shingoni halina nafasi ya hewa, na litakudanganya kwenye kila kipimo.

Nusa mafuta yenyewe. Yakinuka petroli, yamwage mbali na moto, usijaribu hata kidogo. Jiko la mafuta ya taa halikuundwa kwa petroli.

Hatua ya 2: Beseni na povu

Fanya haya nje, jiko likiwa limepoa kabisa. Mwaga mafuta yote, funga kifuniko cha kujazia mafuta na skrubu ya pumzi kwa vidole, kisha pampu mara chache. Hewa itatoka kwenye nozeli, na hiyo ni halali yake. Ibane kwa kidole ulichokiwekea kipande cha raba. Zamisha tangi kwenye beseni la maji hadi mabegani na utazame. Sehemu za juu zipake povu zito la sabuni kwa brashi.

Tumia pampu ya jiko lenyewe tu. Kompresa ya gereji ina nguvu kupita kiasi kwa tangi la shaba lenye umri wa babu yako.

Hatua ya 3: Kifuniko

Mapovu kwenye kifuniko au kwenye skrubu ya pumzi ndiyo habari njema kuliko zote. Dalili yake jikoni ni moto unaofifia kila baada ya muda ukalazimika kupampu tena, pengine na harufu, lakini bila tone la mafuta. Ing'oe raba ya zamani, kwangua mabaki yake kwa kijiti cha mti, weka mpya. Kama skrubu ya pumzi ndiyo inayopumua, safisha ncha yake na kiti chake kwa kitambaa. Pale shaba inakutana na shaba, hakuna washa.

Usikate raba ya tyubu ya baiskeli. Inashika vizuri siku ya kwanza, halafu mafuta ya taa yanaivimbisha na kuilainisha. Nenda duka la vipuri vya magari, uliza oringi au raba ya mfumo wa mafuta. Ukiwa na shaka, loweka kipande kwenye mafuta ya taa usiku kucha, kikivimba, kitupe.

Hatua ya 4: Vali iliyo mwisho wa pampu

Hapa ndipo watu wengi wanapohangaika, kwa sababu kasoro haionekani kwa nje. Dalili yake ni moja na haifichiki: mpini wa pampu unainuka wenyewe, na mafuta yanachuruzika kutoka kwenye kifuniko cha pampu. Wengi huilaumu ngozi ya pampu, ile iliyo kwenye ncha ya fimbo yake inayosukuma hewa. Ngozi iliyokauka hukunyima hewa tu, unapampu bila kuhisi ukinzani, na dawa yake ni kuipanua kidogo na kuilowesha mafuta ya mashine. Mafuta ya taa yakiingia kwenye silinda ya pampu, mwenye kosa ni vali ya chini, ile inayoruhusu hewa iingie tangini na kuizuia isirudi.

Kuitoa kunahitaji ufunguo wake: fimbo ndefu ya chuma yenye mfereji mwishoni unaoshika masikio ya vali. Fundi yeyote mwenye tupa anaweza kukuchongea. Lazima ukae sawasawa, kwani masikio yakivunjika vali inabaki humo ndani na kazi inakuwa kubwa. Ikigoma, mimina maji ya moto juu ya tangi upande wa pampu, subiri, jaribu tena. Usitumie moto wa gesi kwenye tangi lililowahi kuwa na mafuta.

Vali ikitoka, ifungue: ndani mna springi ndogo na kipande cha gome la koki au raba. Tandika kitambaa cheupe kabla ya kuifungua, kwani springi hiyo ikiruka utaitafuta hadi jioni. Badilisha kipande hicho kwa raba inayovumilia mafuta, unene uleule. Kabla ya kuirudisha, ifute vizuri na uinyonye kwa ulimi upande wa pampu: ikinata ulimini, haipitishi hewa kurudi, ni nzima. Angalia na washa ya risasi inayokaa chini ya vali. Kama imebonyea, weka mpya.

Hatua ya 5: Shingo ya kichwa

Ulimi wa moto unaochomoza chini ya kichwa, karibu na kikombe cha spiriti, ni mvuke unaotoka kwenye kiungo cha kichwa na bomba la kati. Hapa raba haikai, itaungua. Panatakiwa washa ya risasi, na ikishabanwa mara moja haifai tena. Ukiikosa dukani, chukua chubwi la mvuvi, ligonge mpaka liwe bapa, likate kwa kipimo cha ile ya zamani. Risasi ni sumu: nawa mikono kwa sabuni, na vumbi lake lisifike kwenye meza ya chakula.

Unapofungua au kukaza kichwa, tumia spana mbili: moja ishike bomba, nyingine izungushe kichwa. Ukitumia moja, nguvu yote inashuka hadi pale bomba lilipolehemiwa kwenye tangi.

Majiko yenye kishikio cha kuzimia yana kiungo cha ziada: ufito unaopita kwenye nati yenye grafaiti, ile kaboni nyeusi kama ya penseli. Kikivuja, kaza nati robo mzunguko. Isipokubali, ongeza grafaiti.

Hatua ya 6: Tangi lenyewe

Mapovu yakitoka kwenye ukingo wa chini au kwenye mshono, angalia kama ni kitundu au ufa. Kitundu au lehemu iliyoachia hurekebishika kwa bati na risasi, ila tangi lijazwe maji kwanza mpaka karibu na pale panapolehemiwa, mvuke wa mafuta usipate nafasi. Ufa mrefu ni habari nyingine. Mimi silehemu ufa. Jiko hilo naliambia likae kabatini kama pambo. Na sabuni za kung'arishia zenye amonia ziepuke, zinaweza kupasua shaba ya manjano iliyokunjwa kiwandani. Ndimu na chumvi, au ukwaju, vinatosha, kisha suuza vizuri.

Hatua ya 7: Kuwasha

Kausha jiko juani siku nzima. Liwashe nje, juu ya sakafu au mchanga, ndoo ya mchanga mkononi. Likishika moto kwenye tangi, mwagia mchanga, usimwage maji. Likiwaka sawa, liache dakika kumi, lizime kwa skrubu ya pumzi, lipoe kabisa, kisha kaza kichwa kidogo tena kwa spana mbili, kwa sababu risasi mpya hujibana ikipata joto. Rudia povu shingoni. Ukilihifadhi, liache na skrubu ya pumzi wazi.