Kuvusha Wi-Fi kutoka dukani hadi nyumbani kihambani

Huku Kibosho, Uru na Old Moshi, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, tatizo ni lile lile: duka liko juu kwenye barabara na 4G inashika vizuri, nyumba iko chini kihambani (shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba), mita mia tatu au nne, na simu inahangaika. Wengi huishia kununua laini ya pili na kulipia kifurushi cha pili kila mwezi. Si lazima. Intaneti ile ile ya dukani inavushwa kwa anteni mbili ndogo za nje zinazotazamana. Nimeandika haya baada ya kumfungia mama mmoja mwenye duka la vyakula, ili kijana yeyote wa nyumbani anayeweza kupanda ngazi na kufungua menyu ya rauta ajifungie mwenyewe.

Hatua ya 1: Pima chanzo

Pima spidi dukani saa mbili usiku, watu wakiwa wengi hewani. Ukipata Mbps 4 (kipimo cha spidi ya intaneti), nyumbani hutapata zaidi ya hizo. Anteni haizalishi intaneti, inaihamisha tu.

Hatua ya 2: Kagua njia kabla hujanunua hata skrubu

Hapa ndipo kazi nyingi za kihambani zinapofia, kwa hiyo nivumilie.

Kuiona nyumba kutoka dukani hakutoshi. Mawimbi ya redio hayapiti kwenye mstari mwembamba kama uzi. Yanahitaji nafasi iliyonenepa katikati na kuchongoka kwenye ncha zote mbili. Nafasi hiyo huitwa eneo la Fresnel, kwa jina la Augustin Fresnel, Mfaransa aliyechunguza mwanga mwanzoni mwa karne ya 19. Unene wake unakokotolewa hivi: gawanya umbali (kilomita) kwa masafa ya mawimbi ya anteni (GHz), tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 8.66. Jibu ni mita kutoka mstari wa katikati hadi ukingo, pale nusu ya njia. Kwa mita 400 na GHz 5.8 utapata kama mita 2.3. Kwa GHz 2.4 utapata mita 3.5. Angalau asilimia 60 ya kipimo hicho iwe wazi: kwa GHz 5.8 ni karibu mita moja na nusu kila upande wa mstari, juu, chini, kushoto na kulia.

Sasa angalia kihamba chako. Migomba, mikahawa chini yake, migrevilia pembeni, mparachichi katikati. Jani la mgomba limejaa maji, na maji ndiyo yanayomeza mawimbi haya. Watu husema "mvua inakata mtandao". Kwa umbali wa mita 400 mvua yenyewe haipunguzi kitu cha kuonekana; majani yaliyolowa ndiyo yanayopunguza. Ndiyo maana anteni iliyofungwa Januari ikafanya kazi vizuri inaweza kuanza kusuasua Aprili, masika yakikolea. Na mgomba haukai kimya: jani jipya likichomoza, njia iliyokuwa wazi mwezi uliopita imezibwa.

Namna ya kukagua: mtu mmoja asimame pale itakapokaa anteni ya dukani, mwingine pale ya nyumbani, kwenye kimo kile kile cha anteni, si chini uani. Jioni giza likiingia, kila mmoja awashe tochi. Kama tochi inapepesa majani yakicheza na upepo, njia hiyo bado. Mchana kioo kidogo cha kujitazamia kinachorudisha jua kinafaa vilevile. Google Earth nayo itakuonyesha mwinuko wa ardhi kati ya nukta mbili, ila usiitegemee kwa miti.

Kwa yule mama, katikati ya njia palikuwa na mparachichi wa jirani, mkubwa, umebeba. Ushauri aliokuwa amepewa ni kwamba ukatwe. Tulikwenda kwa mwenyewe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia habari ya mti wangu. Huo unanisomeshea wajukuu. Panda wewe juu."

Babu alisema kweli, na ndiyo kanuni ninayoifuata: mti usiguswe, mlingoti upande. Bomba la chuma la mita 6, lililofungwa ukutani kwa vibano viwili na kukazwa kwa waya tatu za pembeni, limetatua matatizo mengi kuliko anteni yoyote ya bei kubwa. Ukiongeza nguvu ya anteni bila kuinua kimo, unalipa pesa kupigana na majani, na majani yanaota tena bure.

Kama kimo hakitoshi, hamisha nukta. Mara nyingi kona nyingine ya paa, au banda la ng'ombe upande wa pili wa ua, inaona duka vizuri zaidi. Kutoka hapo unavuta kebo hadi ndani. Kebo ya mtandao inaruhusiwa kufika mita 100. Ukikwama kabisa kwenye majani machache, GHz 2.4 hupenya vizuri kidogo kuliko GHz 5, lakini nafasi inayohitaji ni nene zaidi, kwa hiyo kwangu ni chaguo la mwisho.

Hatua ya 3: Nunua

Anteni mbili zinazofanana, za GHz 5. Mimi nafunga TP-Link CPE510. NanoStation Loco M5 nayo ni nzuri. Kile kiongeza mawimbi cha kuchomeka kwenye soketi ni cha sebuleni, hakivushi kihamba. Kebo iwe ya nje na ya shaba tupu. Dukani mjini kwangua ncha ya uzi mmoja kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe, kwa sababu umeme wa anteni unapita humo humo.

Hatua ya 4: Panga mipangilio mezani

Usipande nazo juu zikiwa mpya. Washa moja moja, kwa maana CPE510 zote hutoka na anwani 192.168.0.254 na zikiwaka pamoja zitagongana. Rauta nyingi za laini ya simu ni 192.168.8.1, basi zipe anteni 192.168.8.251 na 192.168.8.252. Ya dukani iwe Access Point (inayorusha), ya nyumbani Client (inayopokea), ulinzi WPA2, nenosiri refu. Nchi chagua Tanzania ili uone chaneli zinazoruhusiwa tu.

Upana wa chaneli weka MHz 20. Menyu itakushawishi uweke 40. Kwa intaneti ya 4G hutaona faida, utaona usumbufu. Epuka chaneli zenye alama ya DFS, yaani zile zinazotumiwa pia na rada: kifaa kikidhani kimesikia rada lazima kihame, na kabla ya kurusha tena kinasikiliza angalau sekunde 60. Nyumbani wataona intaneti imekufa bila sababu.

Mbona sitaki 2.4? Marekani iliruhusu masafa hayo yatumike bila leseni mwaka 1985. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi, 802.11, kilitoka 1997 kikiwa na Mbps 2, na tangu 802.11b ya 1999, iliyofika Mbps 11, kila mtu amehamia humo: rauta, simu, Bluetooth, hata oveni ya mikrowevu. Chaneli zisizogongana ni tatu tu, 1, 6 na 11.

Hatua ya 5: Pandisha na lenga

Adapta ya umeme ya anteni ina matundu mawili. LAN (mtandao tu) inakwenda kwenye rauta, PoE (mtandao pamoja na umeme) inakwenda kwenye anteni. Ukichomeka PoE kwenye rauta au kompyuta unaweza kuiunguza. Andika kwa kalamu ya wino mzito.

Kebo ishuke chini ya anteni na kuacha kitanzi, ili maji yadondoke hapo yasiingie kwenye kichwa. Kisha lenga: mmoja anageuza anteni taratibu, mwingine anasoma dBm (nguvu ya mawimbi yanayofika) kwenye menyu. Geuza, subiri sekunde tano, soma. Tafuta kati ya -50 na -65. Kutoka -60 hadi -70 nguvu imeshuka mara kumi, usiseme "imekaribia". Ukishapata kilele upande wa kushoto na kulia, rudia kwa kuinamisha na kuinua. Kwenye mteremko wa mlima huu watu husahau, na anteni ya juu inabaki ikitazama Boma la Ng'ombe, mji wa mbali kule tambarare.

Ukimaliza kukaza nati, soma tena. Spana husogeza.

Hatua ya 6: Ndani ya nyumba

Rauta ya kawaida, DHCP (kugawa anwani, kazi ambayo rauta ya dukani inafanya tayari) imezimwa, kebo kwenye tundu la LAN. Basi.

Andika ile dBm kwenye karatasi, ibandike nyuma ya rauta pamoja na tarehe. Masika yakianza, soma tena asubuhi baada ya mvua ya usiku. Ikishuka zaidi ya 6, usiguse mipangilio yoyote. Toka nje uangalie ni jani gani limeota.