Somo: Kuendesha TrueNAS ndani ya mashine pepe ya Proxmox kwenye seva ya nyumbani

Ndugu wanachama, wengi wetu hatumudu kuweka mashine mbili nyumbani, moja ya kuhifadhi faili na nyingine ya kuendesha programu, na hata anayemudu kuzinunua atazilipia umeme usiku na mchana. Somo hili linaeleza namna ya kuiweka TrueNAS, ambayo ni programu ya hifadhi ya mtandao, ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi, inayoendeshwa na Proxmox VE, ambayo ni programu ya kuendesha mashine za namna hiyo. Kazi hii inawezekana, na kwangu hapa Arua imetulia, kwa sharti moja: TrueNAS hutumia mfumo wa faili wa ZFS, na ZFS hutaka kuzishika diski yenyewe pasipo kizuizi chochote katikati. Kwa hiyo tutaikabidhi mashine pepe kadi nzima inayobeba diski, wala si diski moja moja.

Hatua ya kwanza: vifaa

Mimi natumia kompyuta ya mezani ya mtumba yenye RAM ya GB 32, SSD moja ya Proxmox yenyewe, diski nne za TB 4, na kadi ya LSI 9211-8i. Kadi hii hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya seva vilivyotumika, lakini kabla hujatoa pesa muulize muuzaji kama iko katika hali ya IT, yaani inayopitisha diski zilivyo bila kuziunganisha kwa RAID, mpango wa kuzifanya diski kadhaa zionekane kama moja. Kadi iliyo katika hali ya IR, ile ya RAID, inaweza kubadilishwa programu yake ya ndani, ila kazi hiyo ina usumbufu wake na simshauri mgeni aanze nayo.

Jambo ambalo maelezo mengi huliruka ni joto. Kadi hizi zilitengenezwa kwa ajili ya seva zenye feni kali, na ndani ya kasha la kawaida hukosa upepo. Siku ya kwanza niligusa kipande chake cha alumini baada ya nusu saa ya kunakili faili, nikautoa mkono haraka kuliko nilivyoupeleka. Jioni ile ile nilifunga feni ndogo juu yake kwa vifungio vya plastiki, na imebaki hivyo hadi leo, haipendezi macho lakini inafanya kazi.

Hatua ya pili: kuwasha IOMMU

IOMMU ndiyo sehemu ya kompyuta inayowezesha kuikabidhi mashine pepe kadi halisi. Ingia kwenye BIOS uwashe VT-d kama kichakataji chako ni cha Intel, au IOMMU kama ni cha AMD. Kwa Intel, kiini cha Linux cha zamani kuliko toleo la 6.8 kinahitaji pia uongeze maneno `intel_iommu=on` kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` ndani ya faili `/etc/default/grub`, kisha utoe amri ya `update-grub` na kuwasha mashine upya. Thibitisha kwa amri hii:

`dmesg | grep -e DMAR -e IOMMU`

Hatua ya tatu: kumzuia mwenyeji (Proxmox) asiiguse kadi

Hapa ndipo panapohitaji utulivu zaidi. Proxmox inapowaka, huiona kadi kabla mashine pepe haijaanza, na kwa kuwa nayo inaifahamu ZFS, inaweza kuuchukua mkusanyo wako wa diski na kuanza kuuandikia. TrueNAS nayo ikiufungua wakati huo huo, data huharibika kwa namna isiyorekebishika. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Tafuta kwanza namba ya kadi kwa `lspci -nn`. Kwa kadi yenye chipu ya SAS2008 utaona `1000:0072`. Kiendeshi ambacho Proxmox huitumia kadi hii ni `mpt3sas`; `vfio-pci` ni kile kinachoishikilia kwa ajili ya mashine pepe, nacho lazima kitangulie. Kisha tengeneza faili `/etc/modprobe.d/vfio.conf` yenye mistari hii miwili:

`options vfio-pci ids=1000:0072`
`softdep mpt3sas pre: vfio-pci`

Toa amri ya `update-initramfs -u -k all`, washa upya, halafu tazama kwa `lspci -nnk`. Chini ya kadi yako pasomeke `Kernel driver in use: vfio-pci`. Ukiona bado ni `mpt3sas`, usiendelee mbele hata kidogo.

Hatua ya nne: kuunda mashine pepe

Chagua aina ya mashine `q35`, BIOS ya OVMF, na kichakataji cha aina ya `host`. Ondoa alama kwenye Pre-Enroll keys, kwa sababu Secure Boot, ukaguzi wa saini za programu wakati wa kuwaka, itamzuia msakinishaji wa TrueNAS asiwake. Diski pepe ya GB 32 inatosha kwa mfumo. RAM isipungue GB 8, nami nimeipa 16 kwa kuwa ZFS huitumia RAM kama ghala la kusomea, na uzime Ballooning, yaani kuipunguzia na kuiongezea mashine pepe RAM inapoendelea, kwani mashine iliyokabidhiwa kadi lazima ishike RAM yake yote tangu inapowaka.

Sakinisha TrueNAS kwanza, ndipo uongeze kadi kupitia Hardware, Add, PCI Device, ukiweka alama kwenye All Functions na PCI-Express. Mpangilio huu si urembo: msakinishaji akiona diski moja tu, huwezi kukosea ukafuta ile yenye picha za familia.

Mwisho, kwenye Options weka Start at boot na mpangilio wa 1, na muda wa kusubiri wa sekunde 120 au zaidi, ili mashine nyingine zinazotegemea folda za TrueNAS zisiwake kabla yake.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Jinja: Mwalimu, sina kadi hiyo. Je, siwezi kupitisha diski moja moja kwa amri ya Proxmox ya `qm set`?

Jibu: Unaweza, na itafanya kazi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Nami nilianza hivyo. TrueNAS haikuweza kusoma taarifa za SMART za diski zangu, yaani ripoti ya afya ambayo diski hujitolea yenyewe, kwa hiyo kila siku iliniandikia kwamba mambo ni shwari, ilhali diski moja ilikuwa inakufa na malalamiko yake yalikuwa yanajaa kwenye kumbukumbu za Proxmox ambazo sikuwa nazisoma. Kama Proxmox yako imekaa kwenye SSD ya NVMe, mpe TrueNAS kidhibiti cha SATA cha ubao mama badala ya kununua kadi, mradi kiwe peke yake katika kundi lake la IOMMU, kwani vifaa vya kundi moja hukabidhiwa pamoja. Utayaona makundi kwa `find /sys/kernel/iommu_groups/ -type l`.

Mwanachama wa Gulu: Kaka, umeme wa kwetu hukatika bila taarifa. UPS, betri yangu ya akiba, niiunganishe na nani, Proxmox au TrueNAS?

Jibu: Waya wa USB uingie kwa Proxmox, usakinishe NUT, programu inayofuatilia UPS, hapo, kwa sababu mwenyeji ndiye anayepaswa kuzima wageni, yaani mashine pepe, kwa mpangilio na kujizima mwenyewe mwisho. Ukimwachia TrueNAS waya, atajizima yeye huku mwenyeji akiendelea kuwaka hadi betri iishe. Ifanyie majaribio mchana ukiwa hapo: chomoa UPS ukutani, kisha uhesabu dakika. Betri ya mtumba haiaminiki kwa maandishi yaliyo kwenye boksi.

Dada wa Mbarara: Nakala rudufu za Proxmox zitahifadhi pia data yangu?

Jibu: Hapana, dada. Zitachukua diski pepe ya mfumo peke yake; zilizo kwenye kadi Proxmox haizioni. Pakua faili ya mipangilio ya TrueNAS uiweke nje ya mashine hiyo, na data yenyewe uinakili kwenye diski ya nje au seva nyingine.

Mwanachama wa Kampala: Mashine pepe haitapunguza kasi?

Jibu: Mtandao wa gigabiti 1 hupitisha takriban MB 110 kwa sekunde, na diski zangu nne zinaufikia kiwango hicho bila shida. Kinachokupunguzia kasi ni Wi-Fi.