Maneno ya kuanzia kwenye fumbo la herufi tano

Katika fumbo hili unakisia neno lililofichwa la herufi tano. Anza na KIATU. Lina herufi tano tofauti, tatu zikiwa irabu. TATUA ni mwanzo mbovu: T na A zinajirudia, kwa hiyo unapima herufi tatu tu. Jaribio la pili, andika LENGO. Hapo umeshapima irabu zote tano na konsonanti tano.

Tuseme KIATU imeleta A na T kijani (zimo na ziko mahali pake), K njano (imo, ila mahali pengine), I na U kijivu (hazimo). Neno la Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, basi K haiwezi kukaa mwisho. Nafasi yake ni ya pili:?KAT?. Sasa LENGO inaamua: E ikiwa njano, ni MKATE, O ikiwa kijani, ni MKATO. Wengi hukosea kwa kurudia herufi za kijivu, na jaribio zima linapotea bure.