Jinsi ya kuyashika maneno ya historia na sanaa ya Japani kwa kusoma picha moja tu

Wengi wakianza kupenda mambo ya Japani, iwe wameingilia kwenye anime au karate au wameliona tu lile wimbi kubwa la bluu kwenye tisheti ya mtu, wanatafuta orodha ya maneno, shogun, daimyo, kabuki, washi, wanaikariri, na wiki ikiisha yote yameshapotea. Mi nashauri uanzie kwenye picha. Chukua picha moja ya zamani iliyochapwa kwa mbao, hizi ndo zinaitwa ukiyo-e, ukae nayo hata jioni nzima, maana mule ndani kuna jina la mji, la mto, la mchoraji, mhuri wa serikali, mavazi, hali ya hewa, biashara, na kila neno utakalokutana nalo utalikumbuka kwa sababu umeona lilipokaa.

Tuanze na ya Hiroshige, mchoraji wa ukiyo-e, ile ya watu wanaokimbia mvua darajani. Kwa Kijapani ni Ohashi Atake no yudachi, ya mwaka 1857. Ingia kwenye tovuti ya Metropolitan Museum ya New York au Art Institute of Chicago, andika Hiroshige na Atake, itatokea na ni bure kuipakua. Tafadhali chukua faili kubwa kutoka makumbusho kabisa, usichukue zile zinazozunguka mitandaoni, kwa sababu zile watu wamekata kingo na ukingoni ndiko mihuri ilipo, sasa ukikosa ukingo umekosa nusu ya maneno.

Kabla hatujaenda mbali tumalize habari ya matamshi, sisi wa Kiswahili hapa tumebahatika sana. A e i o u za Kijapani kikiandikwa kwa herufi za kilatini zinasomeka karibu sawa na zetu, sh ni ya shamba, ch ni ya chai, g ni ya gari, na silabi karibu zote zinaishia na irabu. Hiroshige ni Hi-ro-shi-ge, soma kama unavyosoma jina la mtaa wenu. Angalia mambo mawili tu, mji wa Kyoto ni silabi mbili, ya kwanza ndefu, Kyoo-to, usiseme Ki-yo-to, na kuna o ambazo ni ndefu, vitabuni wanaziwekea kamstari juu, mi hapa sitaweka ila kwenye Ohashi o ya kwanza ivute. Na majina ya watu ukoo unatangulia, kwa hiyo Katsushika Hokusai, mchoraji wa lile wimbi la bluu, Katsushika ni ukoo na Hokusai ndo jina lake la kisanii na ndo analoitwa.

Haya, angalia juu kulia mwa picha. Kuna kiboksi chekundu kirefu, maandishi yanashuka kutoka juu kwenda chini, na yakiwa mistari zaidi ya mmoja unaanza wa kulia. Hilo ni jina la mfululizo mzima: Meisho Edo Hyakkei. Meisho ni mahali maarufu, hyakkei ni mandhari mia moja, Edo ni Tokyo ya leo kabla haijabadilishwa jina mwaka 1868. Kwa hiyo tayari una maneno matatu na hujakariri kitu. Pembeni yake kuna kiboksi cha mraba, hapo ndo jina la picha yenyewe. Ohashi, daraja kubwa, hashi ni daraja. Atake ni eneo la ng'ambo ya pili, jina limetoka kwa meli ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, iliyokuwa ikitunzwa huko, Atakemaru. Yudachi ni mvua ya ghafla ya kiangazi, ile inayokuja alasiri bila taarifa.

Hapa nataka ushike mbinu itakayokusaidia kuliko orodha yoyote, yaani vile vipande vya mwisho vya maneno. Hashi ikikaa nyuma ya neno lingine mara nyingi inakuwa bashi, ndo maana kuna Nihonbashi. Kawa ni mto, inakuwa gawa, mto ulioko kwenye picha yetu ni Sumidagawa. Yama au san ni mlima. Do ni njia, Tokaido ni njia ya bahari ya mashariki, yaani barabara kuu ya Edo kwenda Kyoto, na do hiyohiyo ipo kwenye judo na kendo. E na ga zote ni picha. Ukizishika hizi tano sita unaanza kufungua maneno usiyowahi kuyaona.

Sasa tafuta saini. Iko kwenye kiboksi kingine, imeandikwa Hiroshige ga, maana yake Hiroshige ndo kachora. Kwa wengine utaona hitsu badala ya ga, hitsu ni brashi. Ila usije ukadhani Hiroshige ndo aliitengeneza picha peke yake, hapana, na hili watu hawalisemi vya kutosha. Kulikuwa na watu wanne. Hanmoto, mchapishaji, ndo mwenye hela na wazo, kwenye mfululizo huu alikuwa Uoya Eikichi. Eshi ni mchoraji. Horishi ni fundi wa kuchonga. Surishi ni fundi wa kuchapa. Mchoro wa mwisho wa eshi ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao wa cheri ya mlimani, horishi anachonga akipita juu ya karatasi yenyewe, kwa hiyo mchoro wa mkono wa mchoraji unaharibika hapohapo. Anachobaki nacho ni ubao mama, omohan, wenye mistari myeusi, halafu kila rangi inachongewa ubao wake.

Vuta picha kwa vidole mpaka uone mvua karibu. Ile mistari myembamba inaenda pande mbili zinazopishana kidogo, na kila mstari ni mbao iliyobaki imesimama baada ya fundi kuondoa mbao yote iliyouzunguka, pande zote mbili, bila kuuvunja, mistari kibao. Mimi nikiifikia hiyo sehemu huwa naganda kabisa, kwa kweli hao mafundi walistahili majina yao kuandikwa kwenye kila picha na mara nyingi hayakuandikwa. Halafu panda juu kabisa kwenye wingu jeusi, utaona jeusi linafifia taratibu kushuka chini. Hiyo inaitwa bokashi. Hakuna ubao unaofanya hivyo wenyewe, ni surishi analowanisha na kupaka rangi kwa mkono kila anapochapa nakala, ndo maana ukifananisha nakala ya makumbusho moja na nyingine mawingu hayalingani. Na hawakutumia mashine, karatasi yenye unyevu, washi ya gome la mti wa kozo, inalazwa juu ya ubao ikifuata alama mbili zilizochongwa ubaoni zinazoitwa kento, ili rangi zisipishane, halafu inasuguliwa mgongoni kwa baren, kifaa cha duara cha kamba za mwanzi kilichofungwa kwa gamba la mwanzi.

Mihuri sasa. Kwenye ukingo mweupe, kama haujakatwa, kuna mhuri wa aratame, yaani imekaguliwa, na mhuri wa tarehe unaotumia jina la mnyama wa mwaka, mwaka 1857 ulikuwa wa Nyoka, mwezi wa 9. Kwenye picha za miaka ya 1790 mpaka 1842 utakutana na mhuri mdogo wa duara unaosomeka kiwame, kazi yake ni hiyohiyo. Serikali ya shogun ilikagua kila picha kabla haijauzwa. Hapo ndo historia inaingia yenyewe: Tokugawa Ieyasu alishinda vita ya Sekigahara mwaka 1600, akawa shogun 1603, na ukoo wake ukashika nchi mpaka 1867. Wale mabwana wa mikoa, daimyo, kuanzia 1635 walilazimishwa kukaa Edo kwa zamu huku wake na watoto wakibaki mjini muda wote kama dhamana, utaratibu huo unaitwa sankin-kotai, na misafara yao ndo iliyoijaza Tokaido nyumba za wageni, maduka na wauza picha. Wanunuzi wa ukiyo-e wengi walikuwa chonin, watu wa mjini, wafanyabiashara na mafundi. Hata Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, alikuwa na picha hii ya daraja na mwaka 1887 akainakili kwa rangi za mafuta.

Ukishamaliza hiyo nenda kwenye wimbi la Hokusai na ujipime mwenyewe. Kiboksi kiko juu kushoto: Fugaku Sanjurokkei, mandhari 36 za mlima Fuji, ingawa zilipopendwa zikaongezwa mpaka 46. Jina la picha ni Kanagawa oki nami ura, na saini inasema Hokusai aratame Iitsu hitsu, yaani Hokusai aliyebadili jina kuwa Iitsu, kwa brashi yake, huyu mzee alibadili majina maisha yake yote. Ile bluu ni bero-ai, rangi iliyovumbuliwa Berlin ikaingia Japani kwa meli. Boti zile tatu ni oshiokuri-bune, za kukimbiza samaki wabichi kwenda sokoni Edo, na nyuma chini ya povu, kile kilima kidogo cheupe ndo Fuji yenyewe. Tangu Julai 2024 picha hii iko nyuma ya noti ya yen 1,000.

Aina nyingine utazitambua haraka kwa kile kipande cha e na ga: bijin-ga ni warembo, Utamaro ndo bingwa, musha-e ni mashujaa wa vita, Kuniyoshi, kacho-ga ni maua na ndege. Nishiki-e ni picha ya rangi nyingi kamili, zilianza 1765 na Suzuki Harunobu. Ukitaka kununua, uliza kama ni fukkoku, yaani mbao zimechongwa upya miaka ya baadaye kwa kufuata ya zamani, zipo nzuri sana na bei yake ni ya kawaida, bora tu muuzaji aseme ukweli. Geuza karatasi nyuma, iliyochapwa kwa mkono rangi imepenya na alama za baren zinaonekana, ya mashine nyuma ni nyeupe tupu.

Zamu inayofuata chukua yakusha-e, picha ya mwigizaji wa kabuki. Mchezo huu ulianzishwa Kyoto na mwanamke, Okuni, mwaka 1603, wanawake wakapigwa marufuku jukwaani 1629, kwa hiyo mwanamke unayemuona kwenye picha ni mwanaume, anaitwa onnagata. Macho yakiwa yamepinda na mwili umeganda, hiyo ni mie, pozi la kilele, na mistari myekundu usoni ni kumadori. Halafu angalia mkono wa vazi, tafuta mon, alama ya ukoo. Ukiona miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, hiyo ni mimasu, na uliyemuona ni mtu wa ukoo wa waigizaji wa Ichikawa Danjuro.