Kurekodi muheme kwa simu bila kupoteza maneno

Nilikuwa kijijini Mpwapwa sikukuu hii nikirekodi muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, na rekodi yangu ya kwanza ilitoka ngoma tupu, sauti za kina mama hazisikiki. Ya pili ilitoka safi kwa jambo moja: usisimame mbele ya ngoma na simu mkononi. Iweke juu ya kigoda, hatua nne au tano kutoka kwenye ngoma, upande wa wanaoitikia, maiki ikiwaelekea wao, na uifunike kwa upindo mmoja tu wa kanga.

Simu nyingi hujipunguzia sauti zenyewe zikipokea kishindo. Kila ngoma ikipigwa karibu, simu inashusha vyote, na maneno ya wimbo yanazama. Kanga inazuia upepo, na upepo wa Dodoma mwezi wa nane mnaujua. Usiikunje mara mbili, sauti itafifia.

Kwa ilimba, ile marimba ya vidole ya Wagogo, fanya kinyume, sogeza simu hadi shubiri moja, maana sauti yake ni ndogo. Njia hii haifai chini ya bati, mwangwi unavuruga kila kitu. Ombeni mtoke uani. Wachezaji wakizunguka uwanja mzima nayo inashindwa.

Kabla hajaanza, mwombe bibi anayeongoza wimbo ataje wimbo ni wa nini: jando, mavuno, au wa kumpokea kiongozi. Mimi sikumwuliza wangu, na sasa nina wimbo mzuri nisioujua asili yake. Inaniuma.