Namna ya kuomba posho ya usafiri ukiwa mtumishi wa meri (ofisi ya Meya) ya Lubumbashi

Anayekaa Kalebuka na kufanya kazi mjini hupanda gari mbili asubuhi na mbili jioni. Mvua ikinyesha, dereva anakatisha njia katikati, abiria wanashuka, wanalipa upya. Tunanung'unika sana kwenye korido za ofisi, lakini wanaoandika barua ni wachache. Posho haiji kwa manung'uniko. Ni dosye, yaani faili la maombi, na dosye ina mlango wake.

Anza kwa kujua uko kundi gani. Ukiwa na mkataba wa kazi, unaongozwa na Kode ya Kazi, yaani Sheria namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kifungu cha 7 kinasema posho ya usafiri si sehemu ya ujira. Basi shefu akikuambia "transpo yako imo ndani ya mshahara", mwombe kwa heshima akuonyeshe mstari wake kwenye karatasi ya malipo. Mtumishi wa kudumu mwenye matrikule (namba ya utumishi) yuko chini ya sheria nyingine, namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016, kwa hiyo asinukuu Kode kwenye barua yake; atarudishiwa. Nawe ambaye bado ni "nuveli inite", una barua ya kupangiwa kazi lakini jina halimo kwenye listi ya malipo, shughulikia hilo kwanza. Nimeona watu wakidai posho wakati mshahara wenyewe haujawahi kutoka.

Makaratasi ni haya: nakala ya mkataba au ya barua ya kupangiwa kazi, karatasi ya malipo ya mwisho, kadi ya mpiga kura, na cheti cha makao kutoka komini (sehemu ya mji) unakokaa. Cheti hicho usikidharau. Kadi za wengi bado zinasema komini ya Katuba, kumbe mwenyewe alishahamia komini ya Annexe miaka mingi, na anayesoma dosye atahesabu umbali kutoka Katuba.

Halafu andika safari yako kwenye karatasi moja, kipande kwa kipande: unapandia wapi, unashukia wapi, unalipa ngapi, kwenda na kurudi, mara siku za kazi za mwezi. Weka bei ya siku ya kawaida. Bei ya mvua itaje chini kwa mstari mmoja tu, kwa sababu anayepokea dosye naye anapanda taksi-basi hizohizo na anazijua bei.

Barua huandikwa kwa Kifaransa, ndiyo lugha rasmi ya Serikali. Kiswahili ni kimoja kati ya lugha nne za taifa, na kwenye dirisha mtaongea Kiswahili tu, lakini barua ya Kiswahili itazunguka. Ielekeze kwa Meya, na chini ya jina lake andika "sous couvert de" (kupitia kwa) kisha cheo cha shefu wako wa huduma. Ukimruka shefu, barua itashushwa kwake, naye ataipokea akiwa amekasirika. Kwenye mstari wa "Objet" (kuhusu) weka "demande d'indemnité de transport", yaani ombi la posho ya usafiri. Ukurasa mmoja unatosha. Habari za watoto na karo ziache nyumbani.

Sasa sehemu ambayo mimi mwenyewe niliangukia. Barua yangu ya kwanza niliiacha mezani kwa mama mmoja wa sekreteria, akaniambia, "Acha tu baba, nitaipandisha." Nilikuwa na haraka, nikaacha. Wiki tatu baadaye hakuna aliyewahi kuiona, na yule mama alikuwa amehamishwa. Mara ya pili nilikwenda na nakala mbili. Nikasimama palepale mpaka wakaiandika kwenye daftari la barua zinazoingia, wakagonga muhuri kwenye nakala yangu, na tarehe na namba juu ya muhuri. Hiyo ndiyo akize, ushahidi kwamba barua imepokewa. Bila akize, hujaomba kitu.

Mwenye gari anayetaka nafasi ya kuegesha uani aandike barua ya peke yake, asiichanganye na ya posho. Aambatanishe nakala ya karti roze (kadi ya gari) na ya bima, ataje namba ya gari. Nafasi ni chache na wakubwa hutangulia. Ukiwa unabeba vifaa vya kazi au una ulemavu, sema hivyo kwenye mstari wa kwanza.

Mwezi ukipita kimya, mpe nakala mjumbe wa sendika (chama cha wafanyakazi). Wa mkataba anaweza pia kwenda kwa Mkaguzi wa Kazi, maana mahakama ya kazi haipokei kesi ya mtu mmoja ambayo haijapitia usuluhishi wake. Barua ya kukumbusha itaje namba na tarehe ya ile akize ya kwanza. Usiandike upya kama mgeni, utarudishwa mwisho wa mstari.